Ikulu Tatu za Baba

Baba alisema: nimejenga ikulu tatu.
Alisema akiwa mzima, akasema akiwa mgonjwa,
akamwambia hata nesi wa wodi namba sita
aliyekuwa akitafuta mshipa.

Arobaini ilipopita
Lesilwa akaazima Landrova ya shemeji,
ile yenye mlango unaofungwa kwa kamba ya katani.
Tukapakia dumu la maji, zabibu za Hombolo zilizoanza kunywea,
na kadi ya kliniki ya marehemu. Nyuma yake, kwa penseli:
Mpwapwa juu. Kwa mtemi. Bereko.
Basi.

Kongwa ilikuwa kavu, mbuzi wanakula kivuli.
Lakini baada ya Mpwapwa barabara ikaanza kupanda
na ukungu ukaingia pasipo hodi,
ukakaa kiti cha mbele, katikati yetu.
Lesilwa akawasha taa. Taa zikajiona zenyewe.
Nikashuka, nikatangulia kwa miguu, kanga nyeupe begani,
yeye akiifuata kanga kwa gia ya kwanza,
na huko msituni kitu kikaguna,
nikajifanya sikukisikia.

Jumba lilikuwepo kweli: madohani mawili, madirisha ishirini na moja,
na mlinzi, Mzee Mbeleje, koti la askari juu ya msuli.
Mbukwenyi, mbukwenyi.
“Chipanha? Wanawe? Njooni.”
Tukafuta miguu. Akatupitisha barazani,
akatupitisha penye meko ya kuweza kuchoma ndama mzima,
hakusimama. Akatokea mlango wa jikoni,
akaonyesha chini ya mkaratusi:
“Hiki hapa. Mashimo mawili.
Nyumba imevuja, imepasuka, imehamwa.
Choo cha baba yenu hakijatitia hata kidole.”

Lesilwa alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilikuwa nimevaa gauni la kitenge kipya
kwa ajili ya ikulu.

Usiku tulilala gesti, kila mtu amegeukia ukuta wake.
Asubuhi pancha. Jeki ya shemeji haikuwemo.
Tulinyanyua gari kwa gogo na vijana watano wa mnadani,
wakataka soda, tukawapa zabibu.

Kwa mtemi, tembe lilikuwa limelala.
Udongo wa paa umerudi kwa udongo wenzake
na mjukuu amepanda uwele
pale ambapo watu walikuwa wakivua viatu.
Hatukuuliza. Aliona tunavyochungulia nyuma ya zizi,
akasema, “Mnataka kujisaidia? Kipo. Imara sana.”
Akatulaza, akatupa ugali na mlenda.
Lesilwa hakucheka tena; alikwenda na tochi,
akakaa huko muda mrefu, akarudi akasema
sakafu imeinamishwa kidogo, maji hayatuami.
“Alipimaje, bila pima maji?”
Tulilala tukibishana juu ya hilo.

Siku ya tatu, Kondoa, Kolo, kisha mlima,
kisha miti mirefu iliyovaa ukungu mpaka kiunoni.
Bereko tuliuliza ikulu, watu wakatutazama.
Mama mmoja wa maharage, Mwanaidi Ijengo, akaweka kipimo chini:
“Ikulu? Hapa hapajawa na ikulu.
Palikuwa na nyumba ya wajawazito kungojea.
Imebomolewa. Kimebaki choo tu, pale, kwenye miwati.
Alikijenga mume wa mmoja wao, Mgogo, mwembamba.
Alikuja na baiskeli na mfuko wa saruji.
Alikataa mkewe avuke msitu usiku na ukungu ule.
Alijenga siku nne. Ya tano mtoto akaja.”

Lesilwa akanitazama.
Cheti changu cha kuzaliwa ninakijua kwa moyo,
hata kosa la herufi kwenye jina la kijiji.

Nilipita kwenye miwati, gauni likanasa, nikalivuta.
Mlango wa mbao, bawaba za raba ya tairi.
Ndani palikuwa pakavu.
Komeo liliwekwa chini sana,
usawa wa mkono wa mtu aliyechuchumaa
na asiyeweza kuinuka haraka.

Nikalifunga.
Lesilwa akapiga honi mara mbili.
Nikamwambia asubiri.