Kuonja Kwanza

Mara ya kwanza ilikuwa Juni, tukasema ni baridi.
Oruro haimwonei mtu haya mwezi wa Juni:
maji ya ndoo huamka yamevaa kioo,
na vumbi la uwanda huingia hata kinywa kilichofumbwa.
Limbert alimeza mate kama anayemeza msumari.
Nikamtengenezea maji ya chumvi,
vuguvugu, nusu kijiko kwa glasi,
"sukutua, tema, usimeze,"
naye akasukutua, akinguruma kama lori la baba yake.
Siku nne, akapona.

Mara ya pili, Agosti.
Nikammulika kwa tochi: mafindofindo mekundu
yamesogeleana kama majirani wanaosengenya,
na juu yake madoa meupe.
Tukapewa dawa za siku kumi.
Siku ya tano mtoto anacheka,
anapuliza tarumbeta dirishani, mbwa wa mtaa mzima wanamjibu.
Nikazifunga zilizobaki katika kitambaa,
nikaziweka kabatini, akiba.
(Hili nalisema kwa sauti ya chini.)
Mimi hubana sukari, hubana mafuta, hubana hata mshumaa;
nani angeniambia kwamba dawa haibaniki?

Mara ya tatu, Septemba.
Ya nne sikuiandika popote.

Wifi yangu Petrona akamfunga shingoni
soksi yenye chumvi iliyokaangwa.
Jirani akasema: yakatwe, yatupwe, yamekwisha.
Mzee Zenón, kiongozi wa bendi, akasema
nafasi ya kijana ataishika hadi Novemba,
zaidi ya hapo kanivali haimsubiri mtu.
Nikanunua mswaki mpya.
Nikachemsha mdomo wa tarumbeta katika sufuria ya viazi.
Nikafunga nyuzi kwenye vikombe: mwekundu wake,
wa kijani wa baba, mweusi wa Petrona,
asinywe mtu kwa mwingine.
Na kila alfajiri, kabla ya kubeba madumu yangu sokoni,
nilimmiminia api, uji wa mahindi ya zambarau,
mdalasini, karafuu, mvuke hadi darini.
Nilionja kwanza,
isije ikamuunguza.

Mara ya tano, muuguzi Delfina hakuanza na koo.
Aliweka sikio la chuma kifuani, akanyamaza muda mrefu.
"Ugonjwa huu ukiizoea nyumba," alisema,
"hushuka ngazi. Nautafuta moyoni."
Moyo ulikuwa salama. Nikakaa chini bila kuambiwa.
"Sasa nileteeni wote."

Tukajipanga kwenye benchi: Gualberto na kofia yake ya safari,
Petrona aliyekataa, kisha akakubali, kisha akakiuma kijiti cha pamba,
na mimi, niliyekuja kuwasindikiza tu.
Sema aaa. Aaa.

Likawa langu.
Koo langu lisilouma, koo linalotangaza bei ya api
kuanzia saa kumi alfajiri bila kukwaruza.
"Wapo wanaobeba bila kuugua," alisema Delfina.
"Huenda ni wewe, huenda si wewe. Tutawatibu wote wawili."
Huenda. Nilirudi nayo nyumbani kama kokoto ndani ya kiatu.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hawakusema lolote juu ya kimlacho mwanao
kikikaa kimya mdomoni mwako.

Siku kumi, pakiti mbili.
Nachora mistari ya mkaa ukutani nyuma ya mlango.
Siku ya tano anacheka: nampa.
Siku ya sita anakimbia: namkamata, nampa,
nami nakunywa yangu mbele yake, ashuhudie.
Kile kitambaa cha akiba nimekirudisha zahanati,
nikakiweka mezani bila maelezo. Delfina hakuuliza.

Leo alfajiri nimemimina api,
nikagusisha kikombe cha uzi mwekundu shavuni.
Akanitazama, usingizi bado machoni.
"Mama, hujaonja."
"Sijaonja."
"Je, kama ni moto?"
"Puliza," nikamwambia. "Si kazi yako hiyo?"