Karani wa Mizani

Lori linapanda. Nasoma: tani arobaini na nane.
Natoa uzito wa lori tupu, naandika kilichobaki,
nagonga muhuri. Haya, nenda.
Miaka kumi na mmoja kwenye kibanda hiki cha Pongwe
nimepima saruji ya nusu ya nyumba za Tanga,
na mimi bado napanga Makorora,
vyumba viwili na varanda.

Mshahara huingia tarehe ishirini na tano.
Haujawahi kupotea njia.
Simu hutetemeka mfukoni kama kuku aliyekamatwa,
na ikigonga saa nne asubuhi
keshachinjwa.

Lakini tusiutukane.
Zawena alilazwa Bombo siku tisa kwa kadi ya bima,
tukatoka bila kumpigia mtu simu.

Upande wa pili wa mizani: fremu.
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita, mlango wa bati wa bluu.
Bi Mwanamvita anataka kodi ya miezi sita,
na anaitaka Ijumaa, kabla ya sala.
Ndani mna msumari mmoja tu ukutani.
Jumamosi nilikwenda nikautundika rimu,
nikaizungusha,
nikakaa kuisikiliza mpaka iliposimama yenyewe.

Baiskeli nazijua. Mji huu wote unakanyaga:
muuza mikate, mwalimu,
fundi cherehani na mashine yake kwenye keria.
Spoku zikikatika huniletea barazani usiku,
"Bwana Mizani, hebu nitazamie,"
nami nanyoosha rimu kwa mwanga wa simu
kwa elfu mbili,
au kwa "tutaonana kesho."
Hiyo kesho, niiandike tani ngapi?

Semhando aliacha kazi mwaka juzi. Tulimchangia keki.
Akafungua duka la vipuri vya pikipiki kule Kange.
Wiki iliyopita nilimwona getini, foleni ya vibarua,
kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.
Nikajifanya nasoma namba ya lori.
Lori lilikuwa limeshapita.

Bosi anasema mlango huu hauna kitasa upande wa nje.
Mke wangu hakusema ndiyo, hakusema siyo.
Alisema, "Mshika mawili..." akaiachia hapo,
akaendelea kukunja sare za watoto.
Baadaye, taa imeshazimwa:
"Lakini baiskeli ina pedali mbili."
Sikujua kama ananitania.

Jana, zamu ya usiku, hakuna magari.
Nilipanda mwenyewe kwenye mizani,
barua ya kuacha kazi mfukoni mwa shati.
Kioo kikaandika: themanini.
Nikaitoa barua, nikaiweka pembeni chini, nikapanda tena.
Themanini.
Mashine hii huhesabu kwa ishirini ishirini,
karatasi haiitambui.

Taa za lori zikachomoza njia ya Muheza.
Nikashuka mbiombio, nikaiokota,
imeshashika vumbi la saruji,
nikaikung'uta kwenye paja.

Leo Alhamisi.