Kijiti na Nukta

Saa nane usiku, Kijitonyama. Feni imezima.
Nasoma msimbo alioacha Tumsifu:
*kama !amelipa, fungua maji.*
Kile kijiti na nukta yake
nilikipangusa kwa kidole, nikidhani kinyesi cha nzi.
Hakikutoka.

Ndiyo maana Mbagala waliolipa
wamekauka siku tatu,
wadaiwa wanaosha magari.

Nikakifuta. Na vile vijiti pacha,
na zile kamba zilizojiviringa mbilimbili,
vyote nikavigeuza maneno:
na, au, si.
Mistari ikarefuka. Irefuke tu.

Asubuhi Bi Mwanakheri wa uhasibu,
asiyejua msimbo,
akainama begani kwangu, akasoma kwa sauti:
"Kama hajalipa na si hospitali, funga."
Akanyamaza.
"Na msikiti je?"