Nikichelewa Mwezi Mmoja

Miaka tisa kwa Bi Time, Limbani,
kodi haijapita tarehe hata mara moja,
na sharti lake ni hilo hilo: ukutani usipigwe msumari.
Mume wangu seremala. Hebu fikiri.
Saa yetu ya harusi iko juu ya kabati, imeegemea,
kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Sasa iko nyumba Mtemani, vyumba viwili na ukumbi,
bati jipya, choo hakijakwisha,
na mwenyewe anataka zake kabla ya Mfungo Mosi.
Nikazunguka na bahasha:
stakabadhi za mshahara, barua ya sheha,
picha nne nilizokunja uso.

Benki ya kwanza ina baridi ya chumba cha maiti.
Kijana akanionesha asilimia,
ndogo, nzuri, imevaa kinyota kichwani.
Nikakifuata kinyota hadi chini ya karatasi,
kikanambia: inaweza kubadilika.

Chama chetu cha akiba, cha walimu, wananijua;
hilo ndilo tatizo.
Bi Mgeni alishaijua bei kabla sijakaa,
na habari ya choo akawa nayo.
Wangenipa nusu.
Nusu ya nyumba ni deni na turubali.

Ya tatu haikopeshi: inanunua, kisha inakuuzia,
bei hutajwa mara moja, haikui.
Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la darasa la sita.
Ghali kuliko ya kwanza,
kwa ng'ombe wawili na ndama.
"Riba iliyovaa kanzu," akasema kaka yangu Hamad,
anayeishi nyumba ya urithi.

Kote niliuliza swali moja:
vitanda vya Shaame hununuliwa watu wakiuza karafuu.
Msimu ukikataa, nikichelewa mwezi mmoja?

Kijana alininyooshea kidole kifungu cha tisa.
Bi Mgeni alisema, Hutochelewa, inshallah.
Wa tatu, Bikombo, alizima feni
karatasi zitulie, akafikiri.
"Utakuja ukae hapo ulipokaa.
Faini ipo. Sisi hatuili, inakwenda sadaka.
Mwezi wa nne ndio tutaizungumza nyumba."
Hakutabasamu. Nikamwamini kwa hilo.

Sijui kama nimechagua vyema.
Jumatatu tulikwenda kutia saini.
Shaame, akipapasa mfuko kutafuta kalamu,
alitoa penseli bapa, kipande cha msasa
na msumari wa inchi tatu, mpya,
akaurudisha mbio,
kama mtoto aliyekutwa na sukari.