Mapipa ya Ghorofa Tatu

Tartu, saa tisa usiku. Theluji imeziba madirisha.
Urve anasukuma toroli lake, goti likialika.

Wasomi anawajua kwa taka zao.
Wa madaraja hutupa vipande vya zege
na grafu zilizokunjwa, milima isiyo na mtu.
Daktari wa mifupa: glavu, maganda ya machungwa,
orodha ya wazee mia mbili na magoti yao.
Juu kabisa, kwa Maarika, vifuko vya chai tu.
Lugha anayoirekodi imebakiwa na wasemaji kumi na mmoja,
na usiku huu kanda inarudia neno moja,
sauti ya bibi aliyekwisha kuzikwa,
Maarika kashika kichwa.

Urve anasimama mlangoni na ufagio.
"Huo ni mlio wa barafu
kabla haijapasuka. Nyanya aliniambia,
ukiusikia usikimbie. Lala kifudifudi, tambaa."

Kimya. Kisha kalamu.

Chini, mtu wa madaraja ana kurasa arobaini
za mlio huohuo, tarakimu tupu,
na hajui waliokwisha kuuvuka waliuitaje.

Urve anachutama kufunga mfuko.
Goti linaalika.
Analiita kwa neno lile, polepole,
na kucheka peke yake kwenye ngazi.