Nafasi Moja, Miaka Minne

Tangazo lilisema: nafasi moja, miaka minne,
uzamivu katika picha za ubongo.
Niliomba kutoka Leeuwarden, nikiwa na baiskeli na deni.

Leo mashine ya Groningen inagonga kama fundi bati.
Ndani yake amelala Hylke, mkamuaji,
ambaye kiharusi kimemwachia maneno matatu.

Namsomea majina. La mkewe: kijivu.
La bintiye: kijivu.
La Sietske, ng'ombe aliyeuzwa mwaka wa theluji kuu,
skrini ikachanua.

Profesa Wiersma atasema mtu mmoja si takwimu.
Kweli. Nimeliandika pembeni, kwa penseli.

Nilipomvuta nje akanishika mkono,
akauliza, silabi kwa silabi,
"Yuko wapi?"

Nikahesabu upya maneno yake.