Kilometa ya Irja

Jumapili ni thelathini na mbili.
Ukizitazama zote kwa pamoja
utachokea mlangoni, kamba ya kiatu mkononi.
Mimi nazigawa, kama mama alivyogawa samaki wa moshi:
kila mtu na kipande chake.

Tano za mwanzo ni za viungo.
Goti la kushoto latoa hoja,
la kulia laiunga mkono,
nami, spika wa bunge hili la Oulu, siwasikilizi.

Ya sita hadi ya tisa ni za Veikko.
Sasa hivi amelala, mdomo wazi.
Husema dereva wa basi anayekimbia
ni sawa na muuza mkate anayelala njaa.
Kweli, kila kituo nikikipita
mguu wa kulia unatafuta breki.

Darajani upepo unatoka kwenye barafu ya bahari.
Theluji imeondoka, imetuachia kokoto
walizotumwagia majira yote ya baridi tusiteleze;
zinasagika chini ya soli kama sukari.

Ya kumi na tano: zabibu kavu tatu kutoka ndani ya glavu.
Si nne. Ya nne ni ya ishirini.
Nimeiahidi, naye ameahidiwa ananisubiri,
vuguvugu, kwenye kidole gumba.

Kisha hisabati. Saba mara saba.
Saba mara kumi na tatu.
Saba mara... nguzo za taa, basi,
hii, na ile, na ile.

Ishirini na mbili.
Mwili si mwongo, ila hutia chumvi.
Naiona chumvi yenyewe,
mstari mweupe kwenye ukingo wa kofia.

Wiki sita sasa
ya ishirini na saba imekuwa ya Irja.
Sikumpa. Njia ndiyo iliyompa:
nyumba ya buluu, sanduku la barua lililoinama,
na mimi navuka barabara nipite upande wa pili
kama mwenye deni apitavyo duka.
Mwenye deni ni yeye.
Ndiye aliyeuza kibanda cha mama kule Hailuoto,
na sauna yake, na benchi zake, na kata ya shaba
tuliyomwagia maji mawe tangu tukiwa hatuna meno ya mbele.
Akanijulisha kwa ujumbe wa simu.
Kilometa nzima namjibu, kila Jumapili,
na kila Jumapili jibu linakuwa zuri zaidi.
Hasira ni mafuta mazuri.
Huisha ghafla.

Leo ilikuwa ndefu ya mwisho kabla ya mbio zenyewe.
Leo, mita mia mbili kabla ya nyumba ya buluu,
tumbo likageuka.
Wanaokimbia wanajua.
Hakuna kichaka Aprili. Hakuna jani.
Hakuna kiburi kinachoshinda utumbo.

Nikabisha.

Akafungua, gauni la kulalia, miwani kichwani.
Miaka miwili, na neno la kwanza:
"Viatu."
Nikavivua. Vidole havikunisikia, nikavivua kwa visigino.
Akanionyesha mlango kwa kidevu.

Humo ndani, juu ya beseni,
kwenye msumari, kata ya shaba.
Imesuguliwa. Mpini umefungwa uzi upya.

Nikakaa muda mrefu kuliko tumbo lilivyohitaji.

Nilipotoka alikuwa na glasi ya maji,
na kipande cha mkate wa shayiri, siagi nene mno.
"Zimebaki ngapi?"
"Tano."
"Basi nenda. Usipoe."
Ndiyo yote. Sikuuliza, hakueleza.
Akashika sanduku la barua, akalisimamisha,
likainama tena.

Ya ishirini na nane
nilikuwa nimempangia daktari wa meno.
Alinisubiri bure.